Tarehe ya Taveta: Msitu wa Lumi Uliobaki kwa Waingereza Chini ya Mlima wa Wajerumani

Mpaka wa Kenya na Tanzania huanzia baharini karibu na Vanga, ukapanda bara umenyooka juu ya nyika hadi ziwa Jipe. Hapo unapinda. Unauvuka mto Lumi, unapita kati ya Taveta na nchi ya Wachaga, unalikata ziwa Chala, unauzunguka mlima Kilimanjaro upande wa mashariki na kaskazini, na ndipo unaponyooka tena mpaka ziwa Viktoria. Mlima wote ukaangukia upande wa Wajerumani, na leo ni wa Tanzania. Taveta, iliyo chini yake kabisa, iliangukia upande wa Waingereza, na leo ni ya Kenya. Sababu yake ni jambo ambalo watu wa Voi, wa Moshi na wa Taveta wenyewe hawajakubaliana, na kila upande una hadithi yake.

Taveta ya zamani ilikuwa msitu. Lumi hushuka kutoka Kilimanjaro, hupotea na kuibuka katika chemchemi, na maji yake hupita chini ya udongo mweusi mpaka Jipe. Juu ya udongo huo paliota msitu mnene wa miti mirefu, na ndani ya msitu palikuwa na mashamba ya migomba. Pande zote nyingine ni nyika tupu, miiba na vumbi. Aliyetoka Mombasa kwa miguu alivuka nyika ya Waduruma, akapita Taru ambako maji ni ya kubahatisha, akafika Maungu, akapumzika katika vilima vya Sagalla na Bura, kisha akaingia tena nyikani siku kadhaa bila kisima cha kutegemewa. Alipouona msitu wa Lumi ulikuwa kwake kama kisiwa kwa nahodha aliyeishiwa maji. Wazungu wa kwanza walioandika habari za Taveta walisifu kivuli chake kuliko kitu kingine chochote njiani.

Wazee wa Taveta husimulia kwamba babu zao hawakutoka mahali pamoja. Walikuja makundi makundi, wengine kutoka Taita, wengine Upare na Usambara, wengine Uchagani, wakikimbia njaa au vita, na kila kundi likapewa sehemu ya msitu ilimokuwa na nafasi. Kutokana nao zikawa koo za Taveta, miongoni mwao Warutu, Wandigiri, Wazirai na Wasuya. Baadaye, katika karne ya 19, vita vya Wamaasai wao kwa wao viliwaleta Wakwavi, nao wakapokelewa wakafanya makazi kando ya msitu. Mji wa wakimbizi haukupata mfalme. Uliongozwa na njama, yaani baraza la wazee, na rika lililotawala lilikabidhi madaraka kwa rika lililofuata kwa sherehe kubwa. Hapakuwa na mangi, mtawala kama wale wa Wachaga, wa kuita watu wote wafuate neno lake moja. Uamuzi ulitoka barazani, baada ya maneno mengi, na ukishatoka ulishika.

Jambo hili la njama lina uzito katika tarehe yote inayofuata. Uchagani kila mangi alikuwa na nchi yake na adui zake, na mgeni aliyefanya urafiki na mmoja alijipatia uadui wa jirani yake. Taveta mgeni alifanya urafiki na mji mzima au hakuufanya kabisa. Msitu ulizungukwa na maboma ya magogo, na njia za kuingilia zilikuwa na malango madogo ambayo mtu alipita akiinama. Wamaasai, waliotisha nchi yote kati ya Kilimanjaro na bahari, hawakuweza kupigana ndani ya miti kwa mikuki yao mirefu. Kwa hiyo Taveta palikuwa mahali pa amani kuliko pote katika njia ya kaskazini, na wazee wanasema amani hiyo ndiyo iliyokuwa biashara ya kwanza ya Taveta.

Biashara ya pili ilikuwa chakula. Misafara ya Waswahili wa Mombasa na wa Pangani iliyokwenda Umaasai kutafuta pembe za ndovu ilipiga kambi Taveta wiki kadhaa kabla ya kuendelea. Hapo ndipo njia ya Mombasa na njia ya Pangani zilipokutana. Wapagazi walinunua ndizi, mahindi, mihogo, viazi vitamu, kuku na samaki, wakala wakashiba, wakajiwekea posho ya safari. Kambi haikuwa ya kulala tu. Shanga zilizotoka pwani zilikuwa zimetungwa kwa kipimo cha pwani, na Wamaasai walitaka kipimo chao, kwa hiyo msafara mzima ulikaa chini ya miti kuzifumua na kuzitunga upya, uzi kwa uzi, maelfu ya nyuzi. Vitambaa vilikatwa na kushonwa kuwa naibere, vazi la vita walilolipenda wamorani. Masango ya shaba na chuma yalipimwa. Msafara ulioingia Umaasai bila kupita Taveta uliingia na mali isiyouzika.

Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe ambaye jina lake lilijulikana kutoka pwani hadi Baringo, alikuwa mwenyeji wa kambi hizo. Mwaka 1883, Joseph Thomson, Mskoti aliyetumwa na Jumuiya ya Kijiografia ya Uingereza kutafuta njia fupi ya kufika ziwa Viktoria kupitia Umaasai, alifanya maandalizi yake Taveta. Jaribio lake la kwanza likashindikana, akarudi, na mara ya pili alivuka kwa msaada wa Kimemeta na msafara wake. Mwaka 1887 Teleki, kabaila wa Hungaria, na mwenzake von Höhnel walifanya vivyo hivyo, na Kimemeta akafuatana nao. Wamisionari Rebmann, aliyeuona mlima wenye theluji mwaka 1848, na Charles New aliyefika kwenye theluji yenyewe mwaka 1871, walipita mapema zaidi.

Thomson aliporudi Ulaya akaandika kwamba njia ya Umaasai inapitika, na majaribio yake yote mawili yalianzia Taveta. Kwa wafanyabiashara wa Manchester na London maneno hayo yalikuwa na maana moja. Aliyeishika Taveta aliushika mlango wa njia fupi ya kwenda ziwa Viktoria na Uganda.

Mwaka 1884 akaja Harry Johnston, kijana mwenye umri wa miaka 26, kwa jina la sayansi. Alitumwa kukusanya mimea, ndege na wadudu wa Kilimanjaro. Alikaa kwanza Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, na urafiki wao ukaharibika. Akateremka Taveta, na mwezi wa Septemba mwaka ule akafanya mkataba na wazee, akapewa ardhi katika msitu na haki zilizoandikwa karatasini. Wazee wa Taveta wanasimulia kwamba njama ilikaa juu ya jambo hili na kuona hakuna ubaya kumkaribisha mtu aliyelipa vizuri na asiyekuja na bunduki nyingi. Hawakumpa nchi. Walimpa mahali pa kukaa, kama walivyowapa Waswahili mahali pa kambi zao. Tofauti hiyo ilijulikana msituni, lakini haikujulikana London.

Johnston alitaka serikali yake ichukue Kilimanjaro. Serikali haikutaka gharama. Karatasi za Taveta zikaenda kwa James Hutton, mfanyabiashara mkubwa wa Manchester, naye akashirikiana na William Mackinnon, mwenye meli za British India. Mnamo Mei 1885 Waziri Granville aliifahamisha Berlin kwamba kuna matajiri wa Kiingereza wanaofikiria kujenga reli kutoka pwani hadi maziwa kupitia Kilimanjaro. Msingi wao wa kisheria ulikuwa karatasi moja, nayo ni ile ya Taveta.

Wakati huo Wajerumani walikuwa tayari wameingia. Carl Peters alikuwa amekusanya mikataba Usagara mwishoni mwa mwaka 1884, na Kansela Bismarck akampa hati ya ulinzi Februari 1885. Seyyid Barghash wa Unguja alipinga kwa sababu nchi za bara alizihesabu zake, akamtuma Jenerali Lloyd Mathews na askari wake hadi Kilimanjaro, ambako viongozi wa Uchaga na Taita walikiri utii kwa Seyyid na bendera yake nyekundu ikapandishwa Moshi. Wiki chache baadaye, Juni 1885, Karl Jühlke, mtu wa Peters, alifika huko huko, na Mandara akatia sahihi tena. Mandara alikuwa na akili nyingi: alimpa kila mgeni alichoomba, kwa kuwa kila mgeni alileta zawadi na kila mgeni alikuwa ngao dhidi ya jirani na adui yake, Kibosho. Mwezi wa Agosti manowari za Wajerumani zikatia nanga mbele ya kasri ya Unguja, na Barghash akalazimika kunyamaza.

Basi mlima ukawa na madai matatu, la Seyyid, la Wajerumani na la Waingereza. Tume ya mataifa matatu ikapima mamlaka ya Seyyid, akiwamo Kitchener kwa upande wa Uingereza, ambaye alisisitiza thamani ya bandari ya Mombasa kwa manowari. Hitimisho lilikuja katika mapatano ya Oktoba na Novemba 1886 kati ya London na Berlin. Seyyid aliachiwa visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, pamoja na ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda bara. Nyuma ya ukanda huo nchi iligawanywa. Mstari ungetoka mlango wa mto Umba moja kwa moja hadi ziwa Jipe, ufuate ukingo wake wa mashariki na kuizunguka ncha yake ya kaskazini, uvuke Lumi, kisha upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Chaga, na kuzunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini.

Maneno hayo ya mkataba ndiyo ushahidi wenyewe. Mkataba ulioligawa eneo kubwa kuliko Ujerumani yenyewe unaitaja nchi ya Taveta kwa jina, mstari ukapindwa ili usiiguse. Hakuna kijiji kingine cha bara katika mstari ule kilichopewa heshima hiyo.

Hapa pana ugomvi wa kumaliza. Inasimuliwa katika vitabu vya shule, katika mabasi ya watalii na katika vibanda vya chai kuanzia Voi hadi Namanga kwamba Malkia Viktoria alikuwa na milima miwili yenye theluji, na mjukuu wake Wilhelm wa Ujerumani hakuwa na hata mmoja, basi bibi akampa Kilimanjaro zawadi ya siku ya kuzaliwa, na ndiyo sababu mstari umepinda. Hadithi hii haina ukweli. Mstari ulikubaliwa mwaka 1886, na Wilhelm alikuwa bado hajawa Kaisari. Babu yake alikuwa hai na Bismarck ndiye aliyeshika hatamu. Wilhelm alitawazwa mwaka 1888, wakati mlima ulikuwa wa Wajerumani tayari. Tena hakuna malkia aliyeutoa mlima, kwa sababu Uingereza haikuwahi kuumiliki. Anayesimulia hadithi hiyo anafuta kazi ya njama, kazi ya Jumbe Kimemeta na soko la Lumi, na kuweka mahali pake keki ya siku ya kuzaliwa. Watu wa Taveta wana haki ya kuikataa.

Liko dai jingine, ambalo husikika zaidi Voi, kwamba Taveta ilibaki Kenya kwa sababu ya reli. Hilo nalo linaangushwa na miaka. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, miaka 10 kamili baada ya mstari kukubaliwa. Reli ya Taveta yenyewe ilikuja baadaye zaidi, na ilikuja kwa sababu ya vita.

Sababu za kweli zilikuwa kadhaa, lakini hazina uzito sawa. Ya kwanza ni karatasi ya Johnston: katika mapatano ya Ulaya ya miaka ile, nchi yenye karatasi ilikuwa na hoja na nchi isiyo na karatasi ilikuwa na maneno matupu, na Uingereza haikuwa na karatasi nyingine yenye nguvu karibu na mlima. Ya pili ni njia. Kwa kuiacha Taveta, Mackinnon na wenzake wangekuwa na Mombasa bila mlango wake wa bara, na kila msafara wa Kiingereza ungelazimika kula chakula cha Wajerumani na kulipa ushuru wao kabla ya kuingia Umaasai. Ya tatu ni Misri. Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu 1882 na ilihitaji Bismarck asiungane na Ufaransa dhidi yake katika mambo ya deni la Misri, kwa hiyo haikutaka kugombana naye juu ya mlima. Ikaachia kitu kikubwa kilichopendeza machoni, ikashika kitu kidogo chenye faida. Hayo ndiyo yaliyoandikwa na ndiyo yaliyotokea.

Dola za wakati huo zilikuwa na desturi hiyo mahali pengi. Uingereza ilikishika kisiwa cha Heligoland, mwamba mdogo katika Bahari ya Kaskazini mbele ya mlango wa mto Elbe, kwa miaka 83, si kwa sababu ya samaki wake bali kwa sababu kilikaa mbele ya bandari za Wajerumani. Wajerumani nao walishika ulinzi wa Witu mwaka 1885, kipande kidogo katikati ya pwani ambayo Waingereza waliihesabu yao, wakagombania Lamu, Manda na Pate, hadi shauri la Lamu likapelekwa kwa Baroni Lambermont wa Ubelgiji, aliyetoa uamuzi mwaka 1889. Mwaka 1894 walichukua pembetatu ya Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, kwa Wareno. Kisiwa au kipande cha aina hiyo kilikuwa na kazi tatu: kumzuia jirani asikitumie, kupeleleza anachofanya, na kukaa mkononi mpaka siku ya kubadilishana. Kwa Heligoland na Witu siku hiyo ilifika tarehe 1 Julai 1890. Uingereza ikampa Mjerumani Heligoland. Mjerumani akaiacha Witu na kukubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Taveta haikuwekwa mezani. Ilibaki ilipokuwa.

Baada ya 1890 thamani ya kukaa mpakani ilionekana kwa namna nyingine. Mwaka 1892 Wajerumani waliwashuku wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliokuwa Moshi kwamba wanawachochea Wachaga, na misheni ikalazimika kuondoka. Mmisionari wao Steggall hakwenda mbali. Alishuka mlima, akavuka mstari, akajenga Mahoo, ndani ya Taveta. Jina la Mahoo lipo mpaka leo, na wengi wa waliosoma kwanza Taveta walisoma hapo. Mwaka huo huo Peters mwenyewe na Konsuli Smith walitembea mpakani kuweka alama, na mapatano ya 1893 yakathibitisha kazi yao. Sagalla walikuwa na misheni yao tangu 1883, na Bura walipata ya Kikatoliki mwaka 1892.

Kisha reli ikabadilisha kila kitu. Ilipita Maungu na Voi ikaelekea Tsavo na kaskazini, ikaiacha Taveta zaidi ya kilomita 100 magharibi. Voi, kituo cha mahema na matangi ya maji, ukawa mji. Misafara ikakoma. Mfanyabiashara wa pembe alipanda gari la moshi Mombasa na kushuka Nairobi, hakuhitaji tena ndizi za Lumi wala mahali pa kutungia shanga. Sababu iliyowafanya Waingereza waishike Taveta ilikufa katika miaka michache, lakini mstari haukusogea. Wajerumani nao wakajenga reli yao kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911. Taveta ikawa kipande cha ardhi ya Uingereza kati ya reli mbili za maadui.

Hilo lilidhihirika Agosti 1914. Kati ya Kilimanjaro na milima ya Upare kuna uwazi mmoja ambao jeshi linaweza kupita, na Taveta iko mlangoni mwake. Tarehe 15 Agosti Wajerumani chini ya Tom von Prince walivuka na kuuchukua mji. Kikosi kidogo cha polisi kilirudi nyuma upande wa Voi. Wajerumani walikaa Taveta karibu miezi 19. Wakaitia ngome Salaita, kilima kidogo mashariki mwa mji, kwa mahandaki na miiba, na kutoka huko vikosi vidogo vilipenya nyika usiku na kutega baruti kwenye reli ya Uganda.

Kuhusu Salaita kuna ajabu ambayo haikosekani katika mazungumzo ya watu wa huko. Upande ule pana mbuyu mkubwa wenye uwazi ndani, na wazee wanasema ndani yake alijificha mwanamke wa Kijerumani, mlenga shabaha hodari, aliyekuwa akilipiza kisasi cha mumewe aliyeuawa na Waingereza. Kila askari aliyepita mbele ya mbuyu alianguka, na risasi haikujulikana imetoka wapi, mpaka siku moja jua lilipong'ara juu ya chuma cha bunduki na Waingereza wakaupiga mti. Mashimo ya risasi huonyeshwa kwenye gamba mpaka sasa. Wageni hupelekwa kuyaona, watoto wa shule pia, na hakuna anayeondoka bila kuyapapasa kwa kidole.

Waingereza walielewa kwamba Taveta haitarudishwa kwa miguu. Mwaka 1915 wakaanza reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Mwatate na Bura hadi Maktau na Mbuyuni. Mafundi na vibarua kutoka India waliilaza juu ya udongo mwekundu, kwa haraka, huku mabomba yakileta maji kutoka vilima vya Bura kwa sababu nyikani hakuna tone. Wajerumani waliishambulia mara kwa mara. Maktau ikawa mji wa mahema. Hapo Septemba 1915 Luteni Wilbur Dartnell alikataa kuwaacha majeruhi wake vichakani, akauawa pamoja nao, akapewa Msalaba wa Viktoria baada ya kufa. Makaburi ya Maktau, Voi na Taveta yanaonekana mpaka leo, yamepangwa kwa mistari, nyasi zimekatwa, na Wahindi waliochomwa kwa mila yao wana ukumbusho wao. Wapagazi wa Kikosi cha Wabebaji, Wataita na Wataveta wakiwamo, waliobeba mizigo ya vita hiyo na kufa kwa kuhara na njaa, hawana mistari kama hiyo.

Hapo palitokea dhulma ambayo Taita haijaisahau. Mwaka 1915 Wajerumani waliivamia Kasigau, kilima kilicho peke yake kusini mwa Voi. Serikali ya Kiingereza iliwashutumu wenyeji kwamba waliwaongoza adui, ikawakusanya wanaume, wanawake na watoto, ikawahamishia Malindi. Watu wa mlima wenye baridi waliwekwa katika nchi ya homa, na wengi walikufa. Walioishi walirudi Kasigau katika miaka ya 1930. Kosa lao lilikuwa kukaa karibu na mpaka.

Tarehe 12 Februari 1916 jeshi lililokuwa na askari wapya wa Afrika Kusini lilishambulia Salaita na kushindwa vibaya. Zaidi ya askari 130 wa Afrika Kusini waliuawa, walijeruhiwa au walipotea, na kikosi cha Kihindi cha Baluchi, ambacho wageni hao walikidharau siku chache kabla, ndicho kilichowafunika waliporudi nyuma. Mwezi huo huo Jenerali Smuts akashika uongozi. Badala ya kugonga mlango alituma wapanda farasi wazunguke kaskazini upande wa Chala, na Wajerumani wakaiacha Salaita bila vita. Usiku wa 11 Machi mapigano makali yalipigwa kwenye vilima vya Latema na Reata vilivyo mlangoni penyewe, ambako Kanali Graham wa KAR (King's African Rifles) aliuawa. Asubuhi vilima vilikuwa vya Waingereza. Njia ya Moshi ikawa wazi.

Reli ya Voi ikafuata jeshi, ikapita Taveta na kuungana na ile ya Wajerumani Kahe. Baada ya vita Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza, kwa hiyo pande zote mbili za mstari zikawa za mtawala mmoja, na ingetarajiwa mstari ufutwe au Taveta irudishwe mlimani. Haikuwa hivyo. Kahawa ya Moshi ikaanza kupita Voi kwenda Mombasa badala ya Tanga, jambo lililowaudhi watu wa Tanga kwa miaka mingi, na Kenya haikuwa na nia ya kuachia reli yenye mapato. Ardhi ikapata wenyewe wapya. Ewart Grogan, yule aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo, alichukua eneo kubwa karibu na Jipe, akajenga jumba la mawe juu ya kilima katika miaka ya 1930, akaelekeza maji ya chemchemi kwenye mashamba. Mkonge ukapandwa mahali ambapo ng'ombe walilishwa. Wataveta, ambao njama yao ilimpa Johnston mahali pa kukaa, wakajikuta wakiomba mahali pa kulima, na suala hilo la ardhi ndilo lililozaa siasa nyingi za Taveta tangu wakati huo.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963. Mwaka 1964, Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, na mstari wa 1886 ukathibitishwa na Waafrika wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania iliufunga mpaka. Kwa miaka 6 mama wa Taveta aliyekuwa na dada Holili hakuvuka kwa halali, mtindi na ndizi zilipita njia za panya, na soko la Taveta likapungua watu. Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983.

Katika miaka ya 2010 barabara ya lami ilitoka Mwatate hadi Taveta, na kituo cha pamoja cha forodha kikafunguliwa Taveta na Holili, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu na maofisa wa nchi zote mbili. Magari ya mizigo hupanga foleni pale ambapo zamani lango la magogo lilimlazimisha mgeni kuinama. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, mikungu ya ndizi hushushwa kutoka pande zote mbili za mstari, vitunguu na mchele huvuka, na bei hutajwa kwa shilingi za Kenya na za Tanzania kwa pumzi moja.